Mihayo Anatimiza Miaka Thelathini na Minne

Mihayo Shimba alifariki Agosti ya mwaka 1993, kwa malaria iliyompanda kichwani, akiwa na miaka ishirini na tisa. Mimi, Maige, nilibeba jeneza upande wa miguu. Nayasema haya mapema ili nikisema kwamba mwaka 1998 Mihayo aliota mvi zake za kwanza, mbele ya watu mia nne, huku nikimpigia ngoma, asitokee mtu wa kuniuliza nimekunywa nini.

Aliyemwotesha mvi ni Bernadeta Chenge, fundi cherehani wa Mabatini, Mwanza. Mihayo alikuwa mchekeshaji wa kikundi chetu cha ngoma na vichekesho, na Bernadeta ni binamu yake: mama yake Mihayo, Mama Selina wa Sengerema, ni shangazi yake Bernadeta. Mihayo alikuwa na koti moja la kijivu, kubwa mno, na nusu ya kazi ilifanywa na koti hilo. Kutoka Usagara hadi Kisesa, watu walianza kucheka wakiliona koti tu.

Sasa, kwetu binamu ni mtani, na msibani mtani ana kazi yake. Siku ya kuanua matanga, Bernadeta alivaa lile koti, akaingia uani kwa mwendo wa Mihayo, akawafokea waombolezaji kwa sauti ya Mihayo: "Lieni vizuri basi! Kwani mimi nakufa kila siku?" Katekista mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Selina hakucheka. Alifuata mila tu, akampa kuku, kwa sababu mtani akishapewa chake hunyamaza na kuvua nguo za marehemu. Bernadeta akapokea kuku, akamla kwa ugali, kisha akarudi Mwanza na koti. Hilo lilikuwa kosa, na nitalisema hata mbele yake.

Mwaka uliofuata kikundi kilikuwa taabani. Soko huria lilikuwa limeleta mitumba, kanda na vibanda vya video, na nani angetaka kutusikiliza sisi tusio na Mihayo? Ndipo Bernadeta akaja na koti begani. Alikuwa ameshazungumza na Liaqat, mfanyabiashara wa mjini, atuachie ghala lake la pamba lililobaki tupu.

"Mihayo anatimiza thelathini mwezi wa nane," akasema. "Nani anapiga ngoma?"

"Bernadeta, wewe ni mwanamke, na yeye ni marehemu. Mwache apumzike."

"Wewe ndiye umepumzika, Maige, tangu azikwe."

Niliudhika siku tatu. Siku yenyewe nikaenda, kwa sababu tu sikutaka mtu mwingine anipigie ngoma yangu ovyo.

Nilidhani angerudia vichekesho vya zamani. Wapi! Alituletea Mihayo ambaye hatukuwahi kumwona, Mihayo wa miaka thelathini, anauza mitumba na kugombana na mfu wa Ulaya anayedai suruali yake. Mwaka uliofuata, wa uchaguzi wa vyama vingi, Mihayo aligombea udiwani, akashindwa hata nyumbani kwake. Mwaka wa tisini na sita, mji ukiwa na misiba ya meli iliyozama ziwani, alivua kofia, akakaa kimya kwenye kiti, nasi tukakaa kimya naye. Mwaka wa tisini na saba alipata kazi kiwanda cha samaki, akatoka na mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki, mgongoni: "Mzungu kachukua minofu. Kichwa, chenye akili, kaniachia mimi!" Wachuuzi wa samaki wa Kirumba waligaragara chini. Kila Agosti Bernadeta alimwongezea mwaka mmoja, na kila Agosti ghala lilizidi kujaa. Nilikuwa nimekosea, na ninakiri.

Lakini Sengerema palikuwa na mwiba. Kila Bernadeta alipokwenda kwa shangazi yake alisema, "Shikamoo, shangazi," na hakuitikiwa. Mama Selina alikuwa na neno moja tu, na aliuambia ukoo mzima: "Amekula kuku, na bado anasema." Bernadeta alicheka hadharani na kulia kwenye cherehani. Nimemwona mimi.

Julai ya 1998 akaniomba nimsindikize. Tulivuka kwa kivuko tukiwa na kuku mwekundu kapuni. Mama Selina alikuwa anapepeta mpunga.

"Shikamoo, shangazi. Nimerudisha kuku. Sikustahili kumla, maana sikuwa nimemaliza kusema."

Ungo uliendelea kucheza. Bernadeta akaweka kapu mlangoni, tukaondoka. Ndani ya kivuko akaniambia, "Asiponiitikia kabla ya onyesho la Agosti kwisha, nalivua koti jukwaani, nampelekea. Mihayo wa kumwumiza mama yake simtaki."

Siku ikafika, Jumamosi, saa tisa alasiri. Mihayo akaingia na unga kidogo kichwani, akijitazama kwenye kioo cha pikipiki na kuzihesabu mvi zake. Ghala lilitetemeka kwa vicheko. Mimi nilikuwa nalitazama koti, na nilipiga ngoma kama anayepiga kwa mara ya mwisho.

Mara nikaona watu wanapisha. Mama Selina alikuwa anakuja mbele, kapu mkononi. Nikajua amekuja kurudisha kuku na kuchukua koti. Mikono yangu ikasimama.

"Mihayo!" aliita.

Bernadeta alijibu kwa sauti ileile ya koti: "Naam, mama."

"Miaka mitano hukanyagi Sengerema! Paa langu linavuja, wewe huku unahesabu mvi! Umri huo, mke yuko wapi?"

Bernadeta akapiga magoti, koti likatandaa chini. "Shikamoo, mama."

Mama Selina alimtazama tangu unga wa kichwani hadi miguuni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na simama vizuri. Miaka thelathini na minne, goti lako la kushoto lingeshaanza kuuma, kama la baba yako."

Bernadeta akainuka, akachechemea hatua mbili. Mama Selina akatikisa kichwa, akasema bado. Akachechemea ya tatu, na kicheko kikamtoka yule mama, kile cha Mihayo hasa, maana Mihayo alikirithi kwake. Wanaume wazima walilia na kucheka kwa pamoja, nami nikiwa mmoja wao. Nilipiga ngoma mpaka fimbo ikavunjika.

Ndani ya kapu mlikuwa na mayai. "Kuku wako anataga," Mama Selina alimwambia, akimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Mwakani ukija tena bila mke, hili nitakuvua mwenyewe."