Mama wa Stesheni

Ukimpelekea Selestini kiatu kwenye kibanda chake sokoni Mwanga, utamwonyesha kinapovuja, utaondoka, na yeye hatakuwa amekwambia zaidi ya "sawa." Mteja akizidisha maneno, anauma uzi na kuinamia soli. Ana miaka hamsini na mmoja, shule aliishia darasa la saba, na wapo majirani waliodhani kwa miaka mingi kwamba ana kigugumizi.

Lakini katika banda la video la Alphonce, mtu huyo huyo husimama pembeni ya televisheni na kusema mpaka kina mama wanashika kanga zao na kulia.

Ilianza enzi za mikanda. Marehemu baba yake Alphonce alipata filamu ya Kihindi isiyo na maandishi wala tafsiri. Selestini, aliyekuwa akifagia banda, alikuwa ameitazama mara kumi na moja, basi mzee akamsukuma mbele: "Waeleze watu wanasema nini." Kihindi hakujua hata neno moja. Ila kule gizani, ambako hakuna aliyemwona uso, maneno yakaja yenyewe. Mama wa kwenye filamu Selestini akampa jina la Eufrasia, wanawe akawaita Jeremia na Elia, na stesheni akaifanya ya hapa hapa Kigoma, mwisho wa reli. Elia mdogo akateremka kunywa maji, treni ikaondoka, umati ukamziba, na mama akabaki dirishani akimwita.

Tangu hapo filamu hiyo huonyeshwa mara moja kwa mwaka, Jumapili ya kwanza mvua zikishakatika, saa tisa alasiri. Wauza samaki wa Bangwe hufunga biashara mapema. Wapo waliokwisha kuiona mara ishirini, na bado hulia pale pale.

Mwaka huu, siku sita kabla ya Jumapili hiyo, Audace wa bodaboda aliegesha pikipiki mbele ya kibanda cha viatu akiwa ameshika simu juu.

"Mzee Sele, umetulisha matango pori! Filamu yako hii hapa, imetafsiriwa Dar es Salaam na mtu anayejua Kihindi. Mtoto hakupotea. Mama kamtupa! Sikiliza."

Mafundi wa jirani wakasogea. Kwenye simu, sauti nzito ya mwanamume ikasema: "Nenda ukanywe maji, mwanangu, usiharakishe." Kisha mama akamgeukia yule mkubwa: "Siwezi kuwalisha wawili." Treni ikaanza kutembea. Mama hakuita. Alikuwa amefunga mdomo.

"Na mimi nimempa mwanangu jina la Elia!" fundi mmoja akasema, na soko zima likacheka.

Habari zikamfikia Alphonce, naye hakuzungusha maneno. "Jumapili naweka hiyo yenye tafsiri yake. Wewe Sele utakaa kwenye benchi kama wengine. Watu wamechoka kudanganywa, na banda ni langu."

Selestini akarudi kwa Audace na kumwomba amwekee tena kile kipande. Akakitazama. Akaomba tena. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo cha simu, pale ambapo mkono wa mama umeshika chuma cha dirisha, na vidole vimekaza hivyo hivyo mpaka treni inakata kona.

"Sikukosea," akasema.

"Umekosea kila kitu, Mzee."

"Sikukosea."

Jumapili banda likajaa mpaka mlangoni. Mbele kabisa alikaa Inamahoro, muuza samaki aina ya migebuka kutoka Bangwe, mama mwenye wajukuu sasa. Alivuka ziwa kutoka Burundi akiwa na miaka sita, bila mama, na filamu hii hajaikosa hata mwaka mmoja. Alphonce akaketi na rimoti mkononi. Selestini alikaa benchi la nyuma kama alivyoambiwa, na ile sauti nzito ikaanza kumwaga maneno yake, sahihi, moja baada ya jingine.

Ilipofika stesheni, Selestini akasimama.

"Alphonce, zima sauti."

"Sele, kaa chini."

"Zima sauti. Au punguza."

Alphonce akaongeza. Watu wakacheka, na Selestini akapaza sauti juu ya ile nyingine. "Kihindi sikujua! Hata leo sijui!"

"Sasa ulikuwa unatafsiri nini?" Audace akamrushia.

"Mkono! Nilikuwa natafsiri ule mkono! Mtazameni, hivi ndivyo anavyoshika mtu anayetupa?"

"Dada Inamahoro," Alphonce akasema, "wewe mkubwa, hebu mwambie akae."

Inamahoro akageuka kwenye benchi. "Mama yangu alinipandisha kwenye boti, akarudi nchi kavu. Hakuna umati ulioniziba. Kila mwaka kaka Sele akisema mtoto kapotea, mimi nilikuwa najua anadanganya."

"Si unaona!" akasema Alphonce.

"Sasa ulikuwa unafuata nini humu?" Audace akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Nilikuwa nafuata pale mama anapomwita mwanawe. Huyu wa kwako hamwiti."

Alphonce akapandisha sauti mpaka mwisho, spika zikawa zinakwaruza. Selestini alitazama kiwambo, kisha akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka nje. Jua lilikuwa kali. Hakuwahi kusimulia kwenye mwanga, watu wakimwona. Akasimama barazani, akaanza.

Inamahoro alikuwa wa kwanza kutoka. Wakafuata wenzake wawili wa Bangwe, kisha benchi zima, na baraza likajaa watu waliokuwa wakitazama ukuta na mdomo wa fundi viatu.

"Mama Eufrasia alimwacha," Selestini akasema. "Sisemi tena kwamba mtoto alipotea. Alimtuma maji akijua treni inaondoka. Alishaamua. Moyo ulishakubali, mdomo ulishakubali. Treni ikatembea. Mkono ukakataa."

Alphonce akatokeza mlangoni. "Sele! Nirudishie watu wangu. Treni ndiyo inaondoka sasa hivi huku ndani, mnaikosa!"

"Hiyo yako iache iende," Selestini akamjibu. "Yangu bado iko hapa stesheni."

"Na mwakani usikanyage hapa!"

"Nitasimulia sokoni. Endeleeni kusikiliza, dada zangu. Mkono umekataa. Umeshika chuma. Na mdomo ulipoona mkono umekataa, nao ukakataa."

Akavuta pumzi, akamwita Elia. Alimwita kwa sauti ya mama, mara tatu, kwa nguvu zake zote, mpaka bajaji iliyokuwa ikipita barabarani ikasimama.