Mfupa Usiokatika

Kwa miaka kumi na tisa alichanganya na kuuza chakula cha kuku bila kutumia mizani. "Mkono wangu unajua," alizoea kusema, na watu wakambandika jina la Bwana Mizani, nusu heshima, nusu utani. Jina likamkolea kichwani.

Ndipo kuku wa dada yake walipoanza kukaa chini. Walikuwa kuku wa nyama mia nne, wa wiki tatu na ushei, vifua vimejaa, miguu imepinda kwa nje. Waliyaendea maji kwa kujikokota juu ya mbawa. Dada mtu alikuwa mjane, na hakuwa na kazi nyingine ila banda lile.

"Umewabananisha," kaka alimwambia. "Na maranda uliyowatandikia mabichi. Badilisha kila siku." Dada akabadilisha kila siku, wiki nzima, mpaka viganja vikachubuka. Kuku wakazidi kukaa. Mwishowe akamwita daktari wa mifugo bila kumuuliza mtu.

Daktari, binti mwenye maneno machache, alichinja kuku mmoja, akauchuna mfupa wa mguu ukabaki mweupe. Majirani walikuwa wamesimama nje ya wavu, na wote, kama dada mtu, walinunua chakula kwa Bwana Mizani.

"Ukikatika kwa mlio, chakula ni kizima, tutatafuta kosa humu bandani," daktari alisema. "Ukipinda, kosa limo guniani."

Bwana Mizani alikuwa mle bandani, kando ya dada yake. Bakuli lake la kupimia unga wa mifupa lilikuwa limepasuka mwezi uliopita, naye akachukua jingine jikoni, dogo kidogo, akijiambia mkono utafidia. Katika, aliuomba mfupa kimoyomoyo. Katika, tafadhali.

Daktari akaushika ncha mbili, akaukunja. Hapakuwa na mlio wowote. Mfupa ulipinda kama bua bichi.

"Nani anakuchanganyia chakula, mama?"

Dada alitazama chini. "Nilinunua sokoni, daktari. Sikumbuki kwa nani."

Bwana Mizani alishusha pumzi. Alifurahi, ndiyo, na furaha ile ikamtia aibu kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Basi aliyekuuzia amewauzia na wengine," daktari alisema, akikunja mkoba wake. "Hao kuku nao watakaa."

Nje ya wavu mama mmoja alimshika mwenzake mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kingepita mabanda ya majirani wote.

"Ni mimi," Bwana Mizani alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilibadilisha bakuli. Dada yangu hana kosa, nilimsingizia."

Dada akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, maana ilimuuma.

"Niliona bakuli la jikoni kwenye unga wako wa mifupa juzi, kaka," alisema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha akainama kuwasogezea kuku maji.