Sindano ya Geesken

Msinieleze habari za waungwana. Mimi mpishi, nimewalisha waungwana wa kando ya mto Ijssel miaka thelathini, na roho zao nazijua. Nataka kumsema Geesken, binti wa msuka vikapu, mjakazi wa Bibi Walburga.

Bibi alikuwa na kitabu cha marafiki, kama mabinti wote wa makabaila. Mgeni akija huandika humo jina lake na maneno matamu, na nembo ya ukoo wake huchorwa pembeni. Mchoraji ni Geesken. Hupewa kitabu kimeshafunguliwa, achore, akirudishe, kupekua marufuku. Miaka kumi na mmoja alichora simba na minara ya nembo za wageni, na kwa kunakili maneno yao akajifunza kuandika. Hamu yake ilikuwa moja tu: jina lake nalo liingie humo. Bibi alimwita rafiki, naye maskini akasadiki.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini, divai imewapanda kichwani Bibi na wageni wake, Bibi akamwambia, "Haya rafiki, na wewe andika. Tafuta penye nafasi."

Akakuta karatasi nne tupu mwanzoni. Nani angemwambia kwamba za mwanzo huachiwa wakubwa? Akaandika: *Geesken, aliyekutumikia kwa moyo.* Nembo hana, akachora sindano na uzi. Akaja jikoni kunionyesha, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Asubuhi Odilia, binamu wa Bibi, ndiye aliyeuona ukurasa ule.

"Yuu! Walburga, mjakazi wako kakalia kiti cha wafalme!"

Bibi akamzaba Geesken kofi. "Bwana Reinolt anakuja kesho kunichumbia! Aandike wapi, chini ya sindano yako?"

"Ulisema penye nafasi, Bibi."

"Nilikutania, mpumbavu we! Nilidhani utaona haya."

"Basi niichane karatasi?"

"Uichane kitabu kifumuke? Kwangua."

Akampa kisu cha kuchongea kalamu. Geesken akakwangua jina lake na sindano yake amesimama, Odilia anatafuna lozi.

"Bado naiona G," akasema Odilia. "Kwangua, shoga, usione uvivu."

Nilikuwa mlangoni na sinia, nikanyamaza. Najichukia mpaka leo. Wino ulipotoka, wakamwamuru achore palepale nembo ya Reinolt, kunguru watatu. Akawachora, wazuri ajabu.

Reinolt alipofika akakodolea macho ukurasa ule. "Mkono wa nani uliochora kunguru hawa?"

"Wangu," akasema Bibi, akiinamisha kichwa kama mwali.

Geesken alikuwa nyuma ya kiti cha Bibi, ameshika birika la divai. Nami nikipakua chakula nikamwomba Mungu ampe Geesken neno la kusema.

Kikombe cha Reinolt kikakauka. Akageuka. "Na huyu msichana, anaitwa nani?"

"Huyu?" Bibi akacheka. "Jina la nini, Bwana? Mpungie mkono tu, atakuja."

Akampungia. Geesken akaenda, akamjazia.