Vidole Viwili Chini ya Kwapa

Ngumi ya kwanza nilimpiga shemeji yangu kabla hajamaliza kunikaribisha. Ya pili ilimkuta ameshikilia kola ya koti alilokuwa akishona, koti la mtindo wangu, damu ikadondokea kitambaa. Nilifurahi kuiona. Nilikuwa nimetoka Mbeya hadi Ipogolo, Iringa, kwa basi, njia nzima nimekunja ngumi, na salamu yake sikuitaka.

Miaka ile ya sabini, pale Mwanjelwa, Mbeya, ukisema koti la kike la kola pana umenisema mimi. Michoro ya kukatia niliichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na kwa kuwa mafundi huibiana, kila karatasi niliipunguza chini ya kwapa. Nikitandika kitambaa, naweka vidole vyangu viwili ukingoni mwa karatasi, napiga chaki upande wa nje, nakata hapo. Futi sikuitumia, maana namba mtu huisoma. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikaa cherehani ya pili miaka minne. Kila nilipokata, nilimtuma nje akachochee pasi ya mkaa.

Alipohamia Iringa aliondoka na nakala za karatasi zote. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ashone tu, nikasema, kwapa zitamjibu.

Zilinijibu mimi. Mama mmoja alikuja kutoka Iringa na koti lililochanika kwapa zote mbili, siku ya ubatizo, alipoinua mikono kumpokea mtoto.

"Fundi, umenivua nguo kanisani," akasema, akanitupia lile koti usoni.

Kumbe shemeji alikuwa akiwaambia wateja kwamba hayo ni makoti ya fundi wa Mwanjelwa. Mtego niliomtegea ulikuwa unaliua jina langu.

Ndiyo maana nilimpiga. Nilimkanyaga mbavu. Nilimshika nywele nikamgongesha kichwa kwenye mguu wa cherehani, na chuma kikamwingia jichoni.

"Si ungenieleza tu, shemeji," alikuwa akisema. "Si ungenieleza."

Mkono wake ulipapasa mezani ukaipata pasi, akaigandamiza juu ya mkono wangu wa kulia na kuishikilia hapo. Nilinusa nyama yangu ikiungua. Majirani walitutenganisha kwa fimbo, na walinipiga mimi zaidi, kwa haki.

Nilirudi nyumbani mkono umefungwa matambara. Mkasi sikuweza kuushika, na makoti ya watu yalikuwa yananisubiri. Mke wangu akatandika kitambaa mezani.

"Nitakata mimi," akasema. "Nionyeshe hapo kwapani unafanyaje."

Nikakataa. Hata yeye nilimkatalia, naona aibu kuandika hili.

Hakubishana. Alitungua koti lake msumarini, lile nililomshonea mwenyewe, akafumua kwapa kwa wembe na kulilaza juu ya karatasi. Kitambaa cha koti kilizidi karatasi kwa vidole viwili. Akapiga chaki. Chai aliyonimiminia kabla ya kuanza ilikuwa bado ya moto.

"Mdogo wangu hakuwa na akili ya kufanya hivi," akasema bila kuinua uso. "Na wewe hukuwa na akili ya kujua kwamba inawezekana. Jicho lake limekwenda kwa ajili ya kitu hiki tu."

Akajifunga khanga mabegani, maana koti hakuwa nalo tena, akaanza kukata.