Upande Mmoja Hauwaki

Baba aliendesha kreni bandarini tangu mimi sijazaliwa mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi alfajiri, kuketi katika kibanda cha vioo juu ya meli, na kuteremsha makontena pahali ambapo akikosea kwa kiganja, mtu hufa. Hakuwahi kukosea. Alizowea kuutazama mji kwa juu, na hata nyumbani alizungumza hivyo hivyo. Akitaja nyumba ya mtu, alitaja rangi ya mabati yake, si mlango wake.

Alipostaafu akarudi chini kama sisi sote. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho ukitoa mkono dirishani wagusa ukuta wa jirani. Mama alikuwa ameshafariki, kaka yangu yuko Doha, na mimi nilikuwa nimerejea nyumbani baada ya talaka. Mchana huwa dukani, Biashara Street, nauza kanga. Baba alibaki peke yake na simu aliyoletewa na kaka, na humo ndani ya simu ndimo alimoziona droni.

Si zile zinazoelea juu ya watu kwenye harusi kupiga picha. Alizozipenda ni zile ambazo mrushaji huvaa miwani mikubwa kama ya mpiga mbizi, na ndani yake akaona papo hapo kila inachokiona droni, kana kwamba ameketi ndani yake. Jioni moja alinionyesha video. Droni ilipita baina ya nguzo, ikapanda ukuta wa jengo refu mpaka juu, kisha ikajiachia. Mimi nilishikwa na kizunguzungu. Baba alikuwa akitabasamu.

"Hii mtu aijenga mwenyewe," akaniambia. "Vipande vyake vyauzwa Nairobi."

Niliyachukulia kuwa maneno ya mtu aliyechoka kukaa. Baada ya siku chache akaniomba nikitoka dukani nipitie Mwembe Tayari, kuna mzigo umekuja na basi.

Mzigo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko maneno yake. Fremu nyeusi yenye mikono minne, mota nne, bodi mbili nyembamba, kamera ya ukubwa wa ncha ya kidole, na waya. Baba alivipanga juu ya meza ya chakula, akavitazama, kisha akampigia muuzaji kumuuliza miwani iko wapi. Muuzaji alikuwa mtu wa adabu. Alimweleza kwamba alicholipia ni droni, mzee wangu, na miwani ni kando. Rimoti nayo ni kando. Betri ni kando, na chaja ya betri ni kando vilevile, maana betri zile hazikubali chaja ya simu. Baba alimshukuru, akakata simu. Yule mtu wa kwenye video hakuwa amesema hayo.

Fedha zilitoka katika kiinua mgongo chake, zile alizoziweka za kutengenezea paa. Sikumuuliza ni ngapi. Mvua zilipoanza niliweka ndoo chini ya pale panapovuja, nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu kufa kwa Mama kumkuta ameamka kabla yangu akiwa na jambo la kufanya.

Gharama nyingine hakuna aliyetuuzia, zilikuja zenyewe. Meza ikawa si ya chakula tena, tukala mkekani. Betri zile, tulielezwa, zaweza kushika moto zikichajiwa vibaya, kwa hivyo Baba akachukua sufuria ya biriani ya marehemu Mama, akaijaza mchanga, akawa anazichajia humo. Zikiwa kwenye chaja hakutoka. Alikaa mbele ya sufuria kama mtu anayeuguza, na hata msikitini akachelewa. Imamu aliniuliza njiani kama mzee ni mgonjwa. Nikamjibu kuwa ni mzima, alhamdulillahi.

Kulehemu alitaka alehemu yeye. Alishika kalamu ya moto, akalenga ncha ya waya, akaitia mezani. Akajaribu tena, akajichoma kidole gumba. Nilimwambia mikono imeanza kutetema; akanijibu kuwa mikono yake haina neno, ni taa haitoshi. Tukanunua taa. Mambo yakawa yale yale, hata kikombe cha kahawa alianza kukiweka nusu yake nje ya sahani, na nilijua kuwa ni uzee. Mwisho nikaichukua kazi hiyo mimi. Nilikwenda kwa fundi wa redio Bondeni, akanipa bodi mbovu za kujifunzia, nikazichoma Jumapili nzima mpaka risasi ya kulehemu ikakubali kukaa nilipotaka ikae.

Mara ya kwanza tulipounganisha betri, moshi mwembamba ulipanda, na harufu ikabaki chumbani. Nilikuwa nimegeuza waya mbili. Bodi ilikufa pale pale. Baba hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilijichoma, kisha akampigia muuzaji.

Nilikuwa nikimuuliza atairushia wapi. Nilishaulizia, nikaambiwa kila droni lazima isajiliwe na mrushaji awe na kibali, na kisiwani mwetu, bandari ikiwa ubavuni, si pahali pa kurusha kitu ovyo. Baba alijibu kila mara kwamba kwanza ikamilike. Sikujua nimzuie vipi. Nilitaka aendelee, na nilitaka aache, na hakuna hata moja niliyoweza kumwambia.

Miwani ndiyo iliyokuja mwisho. Ilikuwa Jumapili, baada ya swala ya alasiri. Droni ilikuwa mezani imekamilika, ila hatukuitia rafadha, ndivyo Baba alivyoyaita yale mapanga yake, kwa mazoea ya bandarini. Tulikuwa tumeonywa kwamba ikijaribiwa ndani isitiwe, isije ikamkata mtu. Nikaunganisha betri. Ikalia mlio wake mdogo, na hapakuwa na moshi. Baba akavaa miwani, akaukaza mkanda nyuma ya kofia yake.

"Upande mmoja hauwaki," akasema.

Nikamuuliza upi.

"Wa kushoto."

Alinipa nikavaa. Ndani mna vioo viwili vidogo, kila jicho na chake, na kwangu vyote viwili vilikuwa vinawaka. Nilikiona chumba chetu kutoka usawa wa meza: mguu wa kiti, sufuria, na mzee aliyevaa kikoi, uso umegeukia dirishani, akingoja. Nilikaa kitambo kabla ya kugundua kuwa mzee yule ni Baba.

Nilimwambia kwangu inawaka. Akaivaa tena, akasema haiwaki. Nikampigia muuzaji, naye akaniambia nizime niwashe, nibane waya, nisogeze kitufe cha chini. Nikafanya yote. Baba aliivaa na kuivua, na kila mara jibu likawa lile lile. Muuzaji akasema basi irudishwe kwa basi, pengine imeumia njiani.

Sijui nini kilichonipa wazo lile. Nilimwambia Baba aivue, nikaigeuza juu chini, nikamshikilia usoni hivyo hivyo, ili kioo cha kushoto kiende kwenye jicho la kulia na cha kulia kiende la kushoto.

"Sasa watu wote wamesimama kwa vichwa," akasema, akacheka.

"Upande gani hauwaki, Baba?"

"Ule ule wa kushoto."

Muuzaji alikuwa bado kwenye simu, akiuliza vipi. Nilikata. Nikaiweka miwani chini, nikamfunika Baba jicho la kulia kwa kiganja changu, nikamuuliza kama aniona.

Nilihisi kope zake zikipapatika kiganjani mwangu.

"Naona dirisha," akasema. "Weupe wake."

Mimi nilikuwa mbele yake, uso kwa uso, hatua moja.

Alishikilia kwamba ni mtoto wa jicho, kitu cha kuondolewa asubuhi na mtu akarudi nyumbani adhuhuri. Rafiki yake aliondolewa na sasa asoma msahafu bila miwani. Nilitamani iwe hivyo, nikaomba ruhusa dukani, tukaenda kwa daktari wa macho. Pale waliweka kidevu chake kwenye mashine, wakampa kitufe. Kila akiona nukta ya mwanga akibonyeze. Mimi nilikaa nyuma ya mhudumu, na kwenye skrini yake nikawa naona kila nukta inapotokea. Jicho la kushoto, zilitokea, zikazimika, zikatokea, na kidole cha Baba kimetulia juu ya kitufe, tayari, kama kidole cha mtu mwenye subira ya kazi. Nilijikuta nikisema moyoni, bonyeza. Bonyeza, Baba. Walipohamia la kulia akabonyeza vizuri za katikati. Za pembeni zilimpita.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya pole. Alisema si mtoto wa jicho, ni presha ya macho. Huja taratibu, haiumi, na jicho moja huweza kulificha jingine miaka mingi bila mtu kujua. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Kuna matone ya kutia kila siku, maisha yote, ili kukichunga kilichobaki. Baba alimsikiliza kwa heshima, akamuuliza swali moja tu, kama anaweza kurusha droni. Daktari alinitazama mimi.

Njiani tulitembea polepole. Tulipofika kivulini nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Mlango ulikuwa wanigonga bega. Nikidhani ni uzee, mtu hachongwi upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Niliangalia barabara, nikaangalia mikono yangu yenye makovu ya kulehemu. Tukaendelea kutembea. Nilihamia kushoto kwake, na tangu siku hiyo ndipo ninapotembea.

Nilidhani droni imekwisha. Lakini Baba alikata kipande cha kitambaa cheusi, akakibandika ndani ya miwani upande wa kushoto, abaki na jicho la kulia tu, akaniambia anataka kuirusha mara moja. Tajiri wangu wa dukani ana bohari ya kuwekea marobota ya kanga, ndefu, paa liko juu sana. Nilipomweleza alinipa ufunguo tuutumie Jumapili. Ndani ya bohari hatungemghasi mtu.

Tukafunga rafadha. Nikamketisha Baba kwenye robota, nikamwekea rimoti mikononi. Droni ilipiga kelele kama msumeno, vumbi likatimka, nayo ikapanda. Ilipanda ikiyumba, kisha ikasimama juu karibu na mabati, ikitetema.

"Nakuona," Baba akasema. "Uko mlangoni. Mtandio umekuteremka."

Nikaupandisha. Sijawahi kumsikia na sauti ile, hata alipokuwa kazini. Akaisukuma droni mbele, ikapita juu ya marobota, akaigeuza, na katika kugeuka ikaipiga nguzo, ikaanguka. Rafadha mbili zilivunjika. Tulikuwa nazo za akiba, nikazibadili. Mara ya pili haikupanda juu kama mwanzo, ikagonga mnyororo uliokuwa ukining'inia pembeni, mnyororo mnene ambao mimi niliuona tangu tulipoingia. Mara hii mkono wa fremu ulikatika na mota ikang'oka na waya zake.

Baba alivua miwani. Jasho lilikuwa limemtoka na rangi ya uso haikuwa nzuri. Nikampa maji.

"Katikati naona," akaniambia baada ya kunywa. "Pembeni vitu vyanitokea ghafla, kama mtu avitoa mfukoni."

Nikamwambia mota hupatikana, twaweza kuagiza nyingine.

"Mota si shida, mwanangu."

Niliokota vipande, nikavitia katika mfuko wa duka. Nilifunga bohari na tukarudi kwa miguu, yeye amenishika mkono, akiitikia salamu za watu njia nzima.

Meza imerudi kuwa ya chakula. Miwani na rimoti viko kabatini kwa Baba. Hajaniambia nivipeleke popote, nami sijauliza. Kila siku baada ya maghribi hulala chali kitandani nami humtia matone, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto. Aliwahi kuniuliza la kushoto la nini, nikasema daktari aliandika yote mawili. Chupa yenyewe ni ndogo na tone ni moja tu. Mara nyingine mkono wangu hukosa, nalo humwangukia shavuni. Yeye hafumbi macho. Huyaacha wazi, akatazama dari, mpaka nijaribu tena.