Nani Alifikiria Moshi

Kaka yangu alipotuambia kwamba kuna watu ng'ambo wako tayari kumlipa ili asome ukungu, baba aliweka kikombe chake cha chai chini polepole, vile wazazi huweka vitu chini kabla ya kukuuliza kama umerogwa.

"Ukungu gani?"

"Wa mahindi, Baba."

"Ule tunapatia ng'ombe?"

"Hata ng'ombe hafai kupewa."

"Na mtu atoe pesa yake akulipe usome hiyo."

"Ndiyo, Baba."

"Huyo ni tapeli. Usimtumie hata nambari ya kitambulisho."

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Siku hizo bado kulikuwa na kitu cha kuchekwa.

Kaka yangu ana digrii ya biolojia. Imetundikwa sebuleni kwetu Kibomet, hapa Kitale, katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya wazazi, na kazi kubwa ambayo imefanya mpaka sasa ni kuziba ufa wa ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa akifundisha shule moja ya upili huko Kimilili, akienda na kurudi kila siku. Mwalimu wa bodi, maana yake shule imekuajiri lakini serikali haikujui, na mshahara unakuja kama mvua ya Januari. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu. Mimi nilimwita Profesa wa Ukungu, kwa mzaha, na moyoni nilikuwa namaanisha.

Masomo aliyoyataka si kama haya yetu ya kidato cha tatu, ya kunakili ubaoni mpaka mkono ufe ganzi. Ni shahada ya utafiti. Alinieleza siku moja tukimenya viazi. Kule, alisema, huombi chuo kwanza, unaomba mtu. Unamtafuta profesa ambaye swali lako linamwasha na yeye, unamwandikia, na akikukubali anakuingiza kwenye maabara yake na kukupa miaka kadhaa ya kutafuta jibu moja.

"Jibu moja?"

"Moja."

"Na ukilipata mapema?"

"Hakuna mtu huwa analipata mapema."

"Basi hiyo ni kazi ya mbunge, bana."

Akanirushia ganda.

Aliwaandikia maprofesa wengi. Karibu wote walinyamaza kimya, lakini mmoja, mama fulani ambaye amezeeka akichunguza kuvu, akamjibu kwamba swali lake limemvutia na atume maombi rasmi. Kaka aliisoma barua pepe hiyo mpaka mimi nikaikariri.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Kwa kukhu, yaani nyanya yetu, juu kidogo ya Kimilili, mahindi ya mbegu hayakai ghalani. Yananing'inizwa na maganda yake juu ya meko, yanakula moshi miezi na miezi hadi yanakuwa meusi kama viatu vya polisi. Mahindi ya ghalani yanaota ukungu wa kijani. Yale meusi ya mekoni, hata punje moja hapana. Kila mtu kwetu anajua hivyo, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna aliyewahi kuuliza. Kaka aliuliza. Je, ni joto tu linayakausha, ama kuna kitu ndani ya moshi wenyewe kinachoua kuvu? Na kama kipo, ni kuni gani inacho zaidi?

Akiwa mwaka wa mwisho chuoni alijenga vichanja vyake mwenyewe pale kwa kukhu, akachoma mkaratusi, akachoma mparachichi, akachoma kila mti uliozubaa, kisha akaotesha kuvu kwenye visahani kule maabara kuona ni wapi wanakufa. Likizo nzima alinuka nyama choma isiyo na nyama. Mhadhiri aliyepaswa kumsimamia hakuja hata siku moja kuona moshi. Alimwambia tu, "Endelea vivyo hivyo, kijana." Usimamizi wote ulikuwa huo.

Na huyo mhadhiri, ambaye wote humwita Daktari, ndiye aliyehitajika sasa kuandika barua ya kumpendekeza.

Kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Baba alichagua jogoo, mimi nikapewa kazi ya kumbeba kwa sababu nilikuwa likizo na jogoo alishanichukia tangu zamani. Tulimkuta Daktari nyumbani kwake Bungoma, amekaa barazani, miguu juu ya kiti cha pili. Aliangalia jogoo kabla ya kutuangalia sisi.

"Karibuni, karibuni. Huyo ni wa kienyeji?"

"Ndiyo, Daktari," kaka akasema.

"Safi. Wewe ndiye ulifanya ile ya nyuki?"

"Ya ukungu, Daktari. Moshi na ukungu."

"Ahaa, moshi! Nzuri sana ile." Kaka alimweleza habari ya barua, na Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akijihurumia yeye mwenyewe. "Sikiza, mimi niko na mitihani ya kusahihisha mpaka hapa. Wewe andika hiyo barua, unitumie, nitaweka sahihi niwapelekee."

"Asante sana, Daktari."

Ati asante. Lakini ndivyo inavyofanyika. Wakubwa wote husema hivyo na wadogo wote hushukuru. Siku hiyo aliyepinga ni jogoo peke yake, na hakusikilizwa.

Mimi niliona ni bahati ya mtende. Mtu anakuambia ujisifu unavyotaka halafu yeye ataweka sahihi! Jumapili baada ya ibada nilichukua karatasi, nikakohoa kama mhadhiri, nikamwandikia yake: "Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona kichwa kama hiki. Kuvu wakisikia jina lake wanahama. Mimi mwenyewe nikikwama humpigia simu." Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho, akasogeza kompyuta, na akaandika: "Kijana huyu ni mtiifu."

Hapo ndipo baba alipovuta kiti. Baba ni karani katika ofisi moja ya serikali Bungoma na hurudi Kitale wikendi. Barua ndiyo dini yake ya pili.

"Mtiifu, sawa. Ongeza: na mwenye nidhamu. Ongeza: hajawahi kuhusika na mgomo wowote."

"Baba, hao watu wanataka kujua mambo ya mgomo?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo kitu ya kwanza mtu anataka kujua." Akasoma akishuka na kidole. "Na hapa. 'Ndiye aliyebuni wazo la moshi.' Toa hiyo."

"Lakini ni ukweli," kaka akasema, kwa sauti ya chini.

"Nimesema ni uongo? Daktari akisoma hapa ataona unampanda kichwani. Weka: 'Alishiriki katika utafiti huu chini ya uongozi wangu.'"

"Si hii sasa ni barua ya kuomba mke," nikasema.

"Nyamaza, wewe msichana. Mwanafunzi hajisifu. Anasifiwa."

"Na anayemsifu si ni yeye mwenyewe?"

"Ndiyo maana lazima awe na adabu!"

Kaka alifuta. Nilimwona akishika kile kitufe mpaka sentensi yote ikaingia nyuma, herufi kwa herufi, kama panya anayerudi shimoni. Barua ikatumwa kwa Daktari, Daktari akaweka sahihi bila kuisoma, nayo ikaenda ng'ambo kutangaza kwamba kaka yangu hajawahi kuvunja dirisha.

Hata hivyo walimwita kwa mahojiano. Yule mama wa kuvu, nadhani, alilipenda swali lake kuliko alivyoipenda barua. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa sokoni. Kompyuta tuliiweka juu ya debe la unga ili kaka asionekane ameinama, na mimi nikakaa chini nyuma ya kochi nikiinua simu dirishani, kwa sababu kwetu mtandao unapita dirisha lile tu. Baba alisimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Alisema anatafuta soksi.

Walikuwa watatu kwenye kioo, na walizungumza Kiingereza, lakini nawaletea kwa lugha yetu ili niumie vizuri.

"Tuanze na moshi," yule mama akasema. Alikuwa na uso wa mtu mwema. "Ni wazo zuri sana. Ulifikaje hapo?"

Kaka akafungua mdomo. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya huo mdomo: jiko la kukhu, punje nyeusi, vichanja, macho mekundu. Nikakaza simu.

"Kwa kweli namshukuru mwalimu wangu," kaka akasema. "Yeye ndiye aliniongoza. Mimi nilikuwa nasaidia tu."

Karibu nimrushie ile simu.

"Barua yake pia inasema hivyo," yule mama akasema. "Ila ningependa kuisikia sehemu yako wewe."

"Tulifanya pamoja."

Pamoja na nani? Na mbuzi wa kukhu?

Mzee mmoja mwenye ndevu akaingilia. "Ukiona msimamizi wako amekosea, utafanya nini?"

"Nitamsikiliza. Yeye ana uzoefu kunishinda."

"Na ukishamsikiliza, uone bado amekosea?"

Kaka alifikiria sana. Nilimwombea. Mimi, ambaye kanisani huwa nahesabu vipara.

"Nitaomba radhi," akasema, "nifikirie tena."

Nyuma ya pazia nikasikia baba akipumua kwa raha. "Safi," akanong'ona.

Kompyuta ilipofungwa, baba alitoka bila soksi akampa kaka mkono, mkono wa kweli, wa mtu mzima kwa mtu mzima. "Umejibu kama mtu aliyelelewa," akasema, akaenda nje kuwaambia majirani.

Nilibaki na kaka.

"Mbona hukusema ni wewe?"

"Ningesemaje? Barua ya Daktari imesema ni yeye."

"Na barua ya Daktari iliandikwa na nani?"

Akaanza kukunja waya wa kompyuta.

"Si ungesema tu, 'Nilikuwa jikoni kwa nyanya yangu, nikaona'? Maneno hayo yanauma wapi?"

"We mtoto," akasema, akiilegeza tai ya kuazima, "hujui vile inakaa mtu kujitaja mbele ya wazee watatu. Ulimi unakataa wenyewe."

Najua ulimi ulifundishwa na nani kukataa. Ulifundishwa mezani kwetu, ulifundishwa kanisani, na shuleni ulichapwa kidogo ili ushike. Mimi wangu nao ulifundishwa, haukushika tu. Kwa hilo naitwa mtovu wa nidhamu na kuoshwa kwa maneno ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu kila muhula.

Jibu lilikuja muhula ukiwa katikati. Nilitoka shule nikamkuta kaka jikoni, simu mkononi, sufuria ya maharagwe inaungua na yeye hasikii harufu. Nilizima jiko nikaichukua simu.

Yule mama aliandika kwa upole, na upole huo ndio siwezi kumsamehe. Walikuwa wakitafuta mtu mwenye swali lake mwenyewe, alisema, mtu wa kusimama peke yake nalo hata likimpinga msimamizi. Kaka alionekana msaidizi mzuri sana, lakini hawakuweza kuona ni wapi kazi ya mwalimu wake inaishia na yake inaanza. Nafasi wamempa mwingine. Kisha, chini kabisa: wazo la moshi limewavutia kweli. Je, angeweza kuwaunganisha na mwalimu wake?

"Waandikie," nikasema. "Sasa hivi. Waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba niliwadanganya kwenye mahojiano? Ama kwamba ile barua niliiandika mimi?"

Nilitafuta mzaha. Mimi huwa sikosi, hata matangani nimewahi kutolewa nje. Nilitafuta pale nimesimama na mwiko, na harufu ya maharagwe yaliyoungua, sikupata hata mmoja.

Baba aliporudi wikendi alisomewa yote. Uso wake ulizeeka kidogo, na nikadhani labda leo, labda mara hii moja, atasema kitu kingine.

"Wape anwani ya Daktari," akasema. "Wakubwa wakishikana mikono, mtoto wao hasahauliki."

"Baba, wamemsahau tayari," nikasema.

"Wewe sijakuuliza."

Kaka akawapa. Aliwaandikia pia asante, aya nzima, akawatakia heri katika kazi yao. Nilimwambia aongeze mstari mmoja tu, hata mwishoni, hata kwa herufi ndogo. Akasema barua imeshakuwa ndefu.

Wiki chache baadaye simu yake ililia tukiwa sebuleni. Daktari ana sauti ya mtu anayeongea na shamba lililo ng'ambo ya mto, kwa hivyo tulisikia sote.

"Kijana! Umenifungulia mlango, bana! Wananialika niende niwaeleze ule utafiti wangu wa moshi!"

"Hongera sana, Daktari."

"Asante, asante. Sasa hebu nikumbushe kitu kimoja. Kuni tulitumia gani?"

Mama, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha. Baba akaangalia sakafu. Mimi nilimtazama kaka machoni, nikatikisa kichwa, nikatikisa tena: kata simu, sema mtandao mbaya, sema chochote.

"Mkaratusi, Daktari," kaka akasema. "Mparachichi. Na ule mti wa miiba wa kule Cheptais, ndio ulifanya vizuri kushinda yote." Alitaja polepole, akisubiri kila mara, ili yule aandike. "Hapana, Daktari, maganda hatukutoa. Ndiyo. Ndiyo, Daktari."

Mtu yuko Bungoma, hamwoni, na kaka yangu alikuwa ameinuka kwenye kochi na kusimama wima katikati ya sebule, mkono mmoja nyuma ya mgongo.