Leseni ya Marehemu

Nahodha wetu alikuwa mhudumu wa mezani katika lodge moja ukingoni mwa kreta, na kwa sababu hiyo Karatu nzima iliamini anajua Kiingereza. Ukweli ni kwamba Kiingereza chake kilianzia kwenye supu kikaishia kwenye matunda. Siku moja alishuka na kitabu cha katuni ambacho mgeni alikiacha chumbani, akatukusanya wachezaji kando ya uwanja, akatusomea. Pale ambapo picha zilijieleza zenyewe, alisoma vizuri sana.

Kilihusu timu ya mashujaa waliovaa chupi juu ya suruali. Watatu kati yao waliuawa mwanzoni kabisa, wenzao wakalia, mvua ikanyesha juu ya makaburi. Kurasa chache mbele, wale watatu wakatokea mlangoni, misuli vilevile, nguo zimenyooka kama zimetoka kupigwa pasi. Wakakumbatiwa, wakaenda vitani. Hakuna aliyeuliza swali.

Sisi tuliuliza. Mimi nilitaka kujua nani aliwaambia mama zao. Golikipa wetu, Mmaasai wa Piyaya aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, alikasirika kabisa. "Huyu ng'ombe zake si wameshagawana? Sasa anarudi kuchunga za nani?" Beki wetu, Mwiraqw, yeye alichukizwa na yale makumbatio. "Kwetu hata aliyefiwa tu hachanganyiki na watu mpaka muda wake uishe," alisema. "Sembuse aliyekufa mwenyewe?"

Tulicheka mpaka tukakumbuka tuko wachache. Msimu ule tulikuwa tumezika wawili: kiungo aliyeondoka kwa homa, na winga wa kushoto, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, aliyefia kwenye lori la mahindi lililopinduka mteremko wa Mto wa Mbu. Leseni za wachezaji zilikuwa kumi na moja, miguu imebaki kumi na minane, na wilaya ilikuwa imeshafunga usajili.

Nahodha alifunga kitabu akaanza kutuhesabu kwa kidole. Nilimjua, akihesabu namna ile kuna balaa linapikwa.

"Marehemu wanarudi," alisema.

Leseni zetu hazikuwa na picha, kwa kuwa mpiga picha alikuwa Arusha na sisi tulikuwa Karatu. Dereva mmoja wa trekta akapewa leseni ya kiungo. Mimi, katibu wa timu nisiye na leseni, niliyesifika zaidi kwa mwandiko kuliko kwa mpira, nikapewa ya rafiki yangu, eti kwa sababu natumia mguu wa kushoto.

Nilikataa. Nyumba ya mama yake ilikuwa nyuma tu ya goli la juu, na mwamuzi wa mashindano ya wilaya alisoma majina kabla ya mchezo kwa sauti ya mnadani. Tangu mazishi, mama yule alikuwa hajavuka uzio wake, kama desturi ilivyotaka. Sikuweza kuvumilia kwamba asikie mwanawe anaitwa, achungulie, halafu anione mimi.

"Hatasikia," nahodha alisema. "Upepo unavuma kwenda huko kwingine."

Huyo ndiye kiongozi tuliyemchagua wenyewe, tena kwa kura zote. Aliamuru niitwe jina la marehemu wiki nzima mazoezini ili nizoee. Golikipa peke yake aligoma, akasema kwao jina la aliyekufa halitajwi, akawa ananiita "wewe wa kushoto". Wengine waliniita nikaitika, na kila nilipoitika nilijichukia.

Siku ya mechi mwamuzi akafungua karatasi. Marehemu kiungo aliitwa, akaitika kwa sauti nene, mkono juu, ananuka dizeli. Likafuata jina la rafiki yangu. Nikainama kufunga kamba za viatu. Mwamuzi akaita tena, safari hii akainua macho. Nahodha akanikanyaga mguu. Nilipogeuka niliona mlango wa nyumba ile uko wazi, na mama amesimama kwenye uzio, shuka mabegani.

"Yupo," alisema. "Ni huyo mwenye miguu myembamba."

Mwamuzi akaweka alama yake.

Tulifungwa manne. Nilipoteza karibu kila mpira, na kila nilipopoteza mama aliita jina la mwanawe kwa ukali: inua kichwa, acha uvivu, ugali wa nyumbani unakwenda wapi? "Ndiyo, mama," niliitika, mbio mbio, nikihema. Nahodha alidhani ninaigiza, akanionyesha dole gumba. Lakini tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amemsikia mama yule akipaza sauti, na mimi, nakiri, sikutaka tena kushinda. Nilitaka mpira usiishe.

Kipenga cha mwisho kikalia. Nilikwenda mpaka kwenye uzio, maneno ya kuomba radhi yako tayari mdomoni. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kisha akaniita kwa jina langu, akauliza mama yangu hajambo, akaingia ndani, akafunga mlango.